Watoto Wetu Walivyokaa Siku Nane Bagamoyo



Wazee wetu walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili tumelitamka mara nyingi mbele za watu, harusini na barazani, bila ya kulipima kwa nafsi zetu wenyewe. Mwaka jana tulipimwa nalo, nasi tukaonekana wapungufu. Twaiandika habari hii kwa kuwa twadhani ziko nyumba nyingi za Waislamu zilizo katika hali kama yetu, na aliyekwisha kuanguka shimoni hufanya wema akimwonya ajaye nyuma yake.

Sisi twakaa Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Wenyeji wa kale wa hapa watakwambia kwamba vilima hivi vilikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo, na mtu akitaka kwenda mjini hufunga safari. Leo vilima vimejaa nyumba. Sisi tulihamia kutoka Magomeni, tulikozaliwa katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua mmoja, ambamo mtu akikohoa usiku jirani humwuliza asubuhi amelalaje. Mwenyezi Mungu alipotupa uwezo wa kununua kiwanja Goba tulimshukuru, tukajenga nyumba, na kabla nyumba haijapigwa lipu tukajenga ukuta. Kila aliyejenga alifanya hivyo. Tukaweka lango la chuma, ambalo watu wa leo twaliita geti, na nyuma ya geti hilo watoto wetu watatu wakakua. Waenda skuli kwa gari la skuli, warejea kwa gari la skuli, na mwalimu wa Kurani huwafuata nyumbani siku za Jumamosi. Jambo hili tulilihesabu kuwa ni hifadhi.

Basi mwezi wa Machi, jirani yetu wa geti la tatu, mzee mstaafu, alifariki dunia. Alikuwa ameugua siku kumi na nane. Alizikwa Jumatano alasiri, na sisi tulipita mbele ya nyumba yake siku hiyo hiyo, tukaona magari mengi yameegeshwa ukutani, tukadhani pana harusi. Habari ya kifo tuliipata Ijumaa msikitini, baada ya sala, mtu mmoja alipotuuliza mbona hatukuonekana mazikoni. Hatukuwa na jibu. Tuliporejea nyumbani tulimwambia mwana wetu mkubwa, mwenye miaka kumi na tatu, kwamba yule mzee jirani amefariki. Akatuuliza, “Mzee yupi, baba?”

Swali hilo lilituchoma kuliko lawama ya yule mtu wa msikitini. Kila Mwislamu ajua jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyohusiwa juu ya jirani, usia uliokaririwa hata yeye mwenyewe akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi. Mafundisho hayo mwana wetu alikwisha kuyahifadhi kwa moyo, na katika mtihani wake wa dini alipata alama nzuri. Alichokosa ni jirani. Sisi ndio tuliomnyima, kwa matofali na saruji, kwa fedha zetu.

Mama yao akasema usiku ule, “Hawa hawataki kuhutubiwa tena. Wapelekwe mahali wakaone.” Tukakubaliana kwamba likizo ya mwezi wa Juni watoto wote watatu wapelekwe Bagamoyo, kwa shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ambaye watu wote wa mtaa wake humwita Bi Mkubwa, nasi tuombe ruhusa kazini tukakae nao.

Huenda msomaji akauliza, Bagamoyo pana nini cha kufundisha adabu? Watoto wengi wa Dar es Salaam wamekwisha kufika huko. Husafirishwa kwa basi asubuhi, wakaonyeshwa Ngome Kongwe na boma la Wajerumani, wakapigwa picha juu ya magofu, na jioni wakarudishwa kwao. Wana wetu nao walikwisha kwenda hivyo, na walichokikumbuka ni soda na mikate waliyopewa njiani. Aonyeshwaye kuta za mji wa kale ameona mawe. Mji wenyewe ni watu wanavyoamka, wanavyonunua, wanavyosalimiana, wanavyouguzana na wanavyozikana, na mambo hayo hayaonekani kwa saa tatu. Tulitaka wakae siku nane, walale huko, watumwe dukani, na wakemewe na watu wasiowajua.

Tukashuka kwa njia ya Madale hadi Tegeta, tukapanda gari la Bagamoyo, tukapita Bunju, Mapinga na Kerege. Safari yenyewe si ndefu. Tulitoka baada ya kifungua kinywa tukafika kabla ya adhuhuri.

Somo la kwanza lilikuja kabla hatujatua mizigo. Kutoka kituoni hadi nyumba ya Bi Mkubwa twapita vibaraza vitano au sita, na juu ya kila kibaraza wameketi wazee. Watoto wetu walipita kama wapitavyo kwao Goba, macho mbele, midomo imefungwa. Mzee mmoja akaita, “Hao watoto wa nani wanaopita kama mbuzi?” Tukaona haya, tukarudi, tukatoa salamu, watoto wakaamkia, na yule mzee akaitikia marahaba kwa furaha, akatuuliza habari za nyumbani, na alipojua sisi ni wa ukoo gani akatutajia babu yetu kwa jina. Binti yetu wa miaka tisa alishangaa mno. Akauliza, “Baba, yule mzee ana haki gani ya kutugombeza?” Tukamwambia, “Hiyo ndiyo haki tuliyokuletea uione.”

Nyumba ya Bi Mkubwa ni ya zamani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, nene hata mtoto aweza kuketi dirishani na miguu yake yote ikaenea. Dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Mwana wetu mkubwa, ambaye apenda hesabu, alipima vyumba kwa hatua akaona vyote ni vyembamba na virefu, akauliza sababu. Tukamwonyesha boriti: mti wa mkoko haukui ukapita urefu fulani, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Basi waliojenga mji huu, tajiri kwa maskini, walifungwa na kipimo kimoja alichokiumba Mwenyezi Mungu katika maji ya pwani. Kitindamimba yeye alipendezwa na mlango, wenye nakshi na uzito, na zaidi alipendezwa na kibaraza kilicho nje ya mlango, akauliza kwa nini watu wameweka kiti cha mawe barabarani. Bi Mkubwa akamjibu, “Cha kukalia asiye wa nyumba hii, mjukuu wangu.”

Jibu hilo lilitukaa moyoni. Wenye nyumba hizi walikuwa na mali. Walikuwa na cha kuibiwa kuliko sisi. Na kuta walijenga, nene kuliko zetu. Lakini kabla ya kuufikia mlango walimwekea mpita njia mahali pa kupumzika, wakaketi naye. Sisi wa Goba mbele ya ukuta twaweka vipande vya chupa juu, na chini twaandika kwamba kuna mbwa mkali.

Siku ya pili tulikwenda Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji, ili watoto wajue jinsi Uislamu ulivyokaa pwani hii tangu zama za mbali. Huko yako magofu ya misikiti miwili, na mkubwa wa umri wasemekana ni wa karne ya 13. Yako makaburi yenye minara ya mawe, na kisima kilicho karibu na bahari ambacho maji yake ni matamu. Kaole ulikuwa mji wenye bandari yake. Kisha mikoko ikaota na mchanga ukajaa, vyombo vikashindwa kukaribia, na watu wakahama kidogo kidogo. Bagamoyo ukainuka. Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa ndio mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200 kwa miguu, na wapagazi waliteremka na pembe za ndovu kwa maelfu. Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam kwa ajili ya kina cha bandari yake; na reli ilipotoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, njia ya wapagazi ilikwisha kufa. Tuliwaambia watoto: mji hupewa na mji hunyang’anywa. Bandari ilikwenda, serikali ilikwenda, fedha ilikwenda. Tazameni ni kitu gani kilichobaki.

Kilichobaki walikiona asubuhi kwa asubuhi. Alfajiri Bi Mkubwa huwaamsha kwa sauti moja tu, haiti mara mbili. Wavulana hufuatana nasi msikitini, na njiani vivuli vyajiunga kutoka kila mlango, kila mmoja akitoa salamu gizani na kuitikiwa kwa jina lake, kwani wajuana kwa sauti. Baada ya sala, binti yetu alitumwa vitumbua kwa mama mmoja wa mtaa wa pili. Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu akilia, kwa sababu alinyosha fedha bila ya kuamkia, na yule mama akaendelea kumhudumia kila mtu isipokuwa yeye. Siku ya pili aliamkia, akauliza amelalaje. Akarudi na vitumbua kumi alivyovinunua na kimoja alichopewa.

Saa tatu tulishuka pwani, mnadani. Hapo ngalawa na mashua hutia nanga karibu na jumba la forodha la zamani, na samaki hushushwa kwa matenga. Wana wetu walizoea samaki aliyeganda katika barafu, hawakujua kumtenga kibua na changu. Walisimama wakamsikiliza mnadi anavyopandisha bei kwa haraka, wachuuzi wakiitikia kwa jicho tu au kidole, na kina mama wa makarai wakichochea kuni ili wakaange. Mwana wetu mkubwa aliona jambo moja akatunong’oneza. Bibi mmoja mkongwe alikuwa amekaa kando na kikapu chake, hanunui wala haombi. Kila chombo kilipokwisha kushusha, kijana mmoja alitupia samaki wawili watatu katika kikapu kile, akaenda zake bila ya neno. Tuliuliza baadaye, tukaambiwa kwamba ni mjane wa mvuvi, mumewe alipotea baharini, na tangu siku hiyo kikapu chake hakijarudi kitupu. Hapana daftari wala kamati. Mwana wetu akasema, “Lakini hata ahsante hakusema.” Tukamwuliza, “Ungependa aseme mbele ya watu wote hawa?” Akanyamaza, akafikiri.

Jioni vyungu vilipoteremshwa motoni, sahani zilianza kutembea. Bi Mkubwa akipika samaki wa nazi, sahani yenda kulia; kulia wakipika maharage, sahani yaja. Kitindamimba wetu, mwenye miaka sita, ndiye aliyekuwa mchukuzi, na ndani ya siku tatu alizijua nyumba saba kwa majina ya wenyewe, na kwa yale wanayoyapenda. Alitufundisha sheria ambayo sisi tuliisahau tangu Magomeni: sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, mtu wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliandika mambo kama haya. Alikwenda Berlin mwaka 1900 akasomesha Kiswahili, na kwa ombi la Mjerumani Carl Velten habari zake na za wenziwe zikatiwa katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, kiitwacho “Desturi za Wasuaheli”: jinsi mtoto anavyozaliwa, anavyolelewa, anavyotiwa chuoni, anavyooa, hata anavyozikwa. Mtoro alifariki huko ugenini mwaka 1927. Usiku tuliwasimulia watoto habari yake, nasi tukajiuliza, lau mwana wetu angetakiwa leo aandike desturi za Goba, angeandika nini? Angeandika saa ya gari la skuli, na saa ya umeme kukatika.

Haifai lakini kuwapamba wazee wetu kwa uwongo, na watoto hawakuturuhusu. Siku ya nne, tulipowaonyesha mahali zilipofikia safari za misafara, binti yetu aliuliza kama watu waliouzwa waliletwa hapa. Tukasema ndiyo. Akauliza kama waliowauza na kuwanunua walikuwa Waislamu. Tuliona ugumu wa kujibu, lakini tukajibu: wengi walikuwa Waislamu, na wako waliojenga nyumba hizi hizi kwa fedha hiyo. Dini yetu ilimfanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada kubwa. Wao walipenda faida. Mapadri wa Kifaransa waliofika hapa mwaka 1868 waliwakomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, wakawaweka katika kijiji chao. Na hilo ni la kusemwa, kwani haki husemwa hata kwa asiyekuwa wetu. Biashara ya kuwapitisha watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Kisha tukawasimulia habari ya Sheikh Ramiya, kwani hapana habari ya Bagamoyo iliyo kubwa kuliko hiyo. Alikuwa mtoto wa Manyema, mashariki ya Kongo, aliyeletwa pwani mtumwa, akawa katika nyumba ya Amir bin Suleiman, mtu mkubwa wa ukoo wa al-Lamki. Jina lake likawa Yahya bin Abdallah, na Ramiya ndilo jina alilopewa utumwani. Alisoma kwa bidii, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akafungua darasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu wa nasaba kubwa wakakaa mbele yake na vitabu vyao. Mwaka 1916 Waingereza walipoushika mji walimfanya Liwali. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad akashika mahali pake mpaka mwaka 1985. Tukawaambia wana wetu: mji uliomnunua mtoto huyu ulikuja kukaa kibarazani pake kuomba elimu. Adabu ya jirani isiyowafikia wote ni adabu nusu; na Mwenyezi Mungu humtoa amtakaye, akamfanya fundisho kwa waliomdharau.

Siku ya sita ndiyo iliyotuonyesha kile tulichokijia, ingawa hatukukijua tulipoondoka nyumbani. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri. Tulikuwa twarejea na wanaume wa mtaa, mara mmoja wao akasimama mbele ya nyumba ndogo iliyo pembeni, akasema, “Mlango wa mzee haujafunguliwa.” Ndani yake akaa mzee asiye na mke wala mtoto wa karibu, aliyekuwa fundi wa kushona makuti na mitego. Hakuonekana msikitini, lakini mara nyingine baridi humzuia. Ila hata akikosa sala ya jamaa, mlango wake hufungua kabla ya jua, akatoa mkeka wake nje. Wakagonga, hakuitika. Wakausukuma mlango, wakamkuta sakafuni, ameanguka usiku, hawezi kunena, upande mmoja wa mwili umelegea. Alikuwa hai.

Hatukuwa tumepata kuona watu wakigawana kazi upesi namna ile. Mmoja alikimbilia bajaji, wawili wakambeba, mwingine akachukua kadi yake na shuka, na jua lilipotoka mzee alikwisha kufikishwa hospitali. Saa nne kina mama walikaa kwa Bi Mkubwa wakapanga: nani apeleka uji, nani apeleka chakula cha mchana, nani alala naye, nani afua. Binti yetu alipewa zamu ya chupa ya uji wa jioni, akaenda na mama mmoja, akarudi akasema kwamba mzee amemshika kidole hakutaka kumwachia. Siku tulipoondoka Bagamoyo mzee alikuwa bado kitandani, na zamu zilikuwa zaendelea.

Usiku ule mwana wetu mkubwa alikuwa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, “Baba, hapa mlango ukifungwa watu wajua kuna jambo. Kwetu mageti yamefungwa siku zote. Basi geti letu likifungwa siku tatu, nani atajua?”

Twakubali mbele ya wasomaji kwamba hatukuwa tumepata kulifikiri hivyo. Tulifunga geti ili baya lisiingie, kumbe tulijikata na kila jicho ambalo lingeuona ubaya ukitukuta ndani. Yule mzee wa Goba aliugua siku kumi na nane, na geti lake lilionekana siku ya kumi na nane sawasawa na lilivyoonekana siku ya kwanza.

Tusidanganyane kwamba Bagamoyo ni pepo. Vijana wake wengi wamekimbilia Dar es Salaam kutafuta riziki, nyumba nyingi za mawe zaanguka kwa kukosa mwenye kuzitengeneza, na huko pia tuliona watoto wameinamia simu hata mgeni akapita asiitikiwe. Wala si kila mzee wa kibarazani asema mema. Kusengenya nako kwapenda vibaraza. Lakini mji ambao watu wake wagundua kabla ya jua kuchomoza kwamba mlango mmoja haukufunguliwa, una hazina ambayo sisi wenye nyumba mpya hatuna.

Tulirejea Goba siku ya Jumapili. Jumatatu jioni mama watoto alipika mchuzi wa samaki tuliyemleta, akautia katika bakuli, akampa kitindamimba. Sote tukaenda geti la tatu, tukagonga. Tuligonga mara mbili. Mjane mwenyewe alifungua, akatutazama kama mtu atazamavyo watu waliopotea njia. Tukampa pole, tukasema ukweli kwamba mumewe alizikwa nasi tukapita nje tukidhani pana harusi, na tukamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akatukaribisha ndani. Akasema, “Marehemu aliwajua watoto wenu wote kwa sauti. Jioni akikaa uani huniambia, huyu ni mkubwa, huyu ni yule binti, leo mdogo analia. Uso hakupata kuwaona.”

Hatukujua la kusema. Binti yetu alisogea akakaa karibu yake. Bakuli letu lilirudi siku ya pili na maembe mawili ndani.

Tumefanya jambo moja zaidi, nalo ni dogo. Nje ya ukuta wetu, chini ya mwembe uliobaki tangu zama za shamba, tumejenga kibaraza cha matofali cha kukalia watu wanne. Wiki za kwanza hakuna aliyekaa, na jirani mmoja alituuliza kama hatuogopi kuita wezi. Wa kwanza kukaa walikuwa vijana wa bodaboda waliokimbia jua. Sasa baada ya alasiri hukaa wazee wawili, siku nyingine watatu, na mjane hupita akatoa salamu. Kila jioni kitindamimba hutoka kuangalia nani yuko, akaingia ndani kutupa habari. Wiki iliyopita alisema, “Mzee wa geti la buluu leo hakuja.” Tukaenda kuuliza, alikuwa amesafiri tu kwenda Tanga. Alicheka, lakini tuliona kwamba amefurahi kuulizwa.

Basi, enyi wazazi wenzetu wa Goba na Tegeta, wa Mbagala na Chanika, na popote zinapojengwa nyumba mpya: mwenye jamaa katika mji wa kale, Bagamoyo au Kilwa, Tanga, Unguja au Lamu, naampeleke mwanawe likizo, akakae, asipite tu. Amwache atumwe, akemewe, abebe sahani. Asiye na jamaa huko naaanze hapa hapa, kwa majirani wa kulia na kushoto, wa mbele na nyuma; awajue kwa majina, naye mtoto awajue. Nanyi vijana, msingoje wazee wawatangulie: salamu haina gharama, wala haimpunguzii mtu heshima. Na kila nyumba ijiulize usiku kabla ya kulala swali la mwana wetu: mlango wetu usipofunguliwa kesho, nani atajua? Na wa jirani usipofunguliwa, tutajua sisi?

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu jirani yetu tuliyemkosa, amponye yule mzee wa Bagamoyo na wagonjwa wote, na awajaalie watoto wetu wawe majirani wema kuliko sisi. Amin.